Mgeni wa Chumba Namba Tatu

Alhamisi, 6 Agosti

Nimefika mlimani. Peke yangu! Mke wangu alinisindikiza mpaka stendi, akaniambia nikapumzike, na yeye apumzike. Sijaelewa alikuwa na maana gani.

Sababu ya safari iandikwe isije ikapotea. Mkuu wetu wa masjala anastaafu mwisho wa mwezi. Nafasi ni moja, na chumba chake kina dirisha. Tunaoitaka ni wawili: mimi, mwenye miaka kumi na tisa katikati ya mafaili, na Kalamu Mbili, aliyeajiriwa juzijuzi tu na kuitwa hivyo kwa sababu ya mfuko wake wa shati. Mwezi uliopita Kalamu Mbili alikwenda mlimani peke yake, akarudi na cheti. Mkurugenzi akasema mbele ya watu wote kwamba mtu anayeweza kukaa na nafsi yake ni mtu wa kuangaliwa kwa makini. Yeye alikaa siku mbili. Mimi nitakaa nne!

Kupanda sitapanda. Magoti yangu hayataki. Tafakuri zangu nimeshaziandika nyumbani, nne, kila moja imegongwa muhuri wa tarehe yake. (Muhuri nimeuazima ofisini. Ofisi haijui.) Kazi iliyobaki ni kulala.

Mtunza nyumba ya wageni, mama mwenye sauti ya mwalimu mkuu, amenipa chumba namba tatu na kunionyesha daftari lililo mlangoni. Ukitoka kutembea unaandika saa, ukirudi unaandika saa. Cheti kinaandikwa kutoka humo. Na kila jioni yeye hupitisha kidole kwenye safu ya kurudi: akikuta pengo, wanaume wawili wanapanda na kamba kukutafuta. Nimempongeza. Utaratibu safi! Ila mimi safu tupu siwezi kuiacha, ni ugonjwa wa kazi. Alipogeuka tu nikajaza siku zote nne hadi Jumapili: kutoka saa tatu, kurudi saa kumi. Mwandiko mmoja, mistari imenyooka. Inapendeza mno.

Kisha nikabandika karatasi kwenye mlango wa chumba: NATAFAKARI. NISISUMBULIWE. HATA KWA CHAI.

Ijumaa, 7 Agosti

Asubuhi harufu ya chai ilipita mbele ya mlango wangu ikaenda kwa wengine. Kosa dogo la kiutawala.

Biskuti zangu ziliisha jana. Kwenda jikoni kuomba, baada ya tangazo lile? Aibu. Nikakumbuka kile kiduka tulichokipita njiani, dakika kumi tu. Nikatokea mlango wa nyuma, ndala miguuni, simu nikaiacha kitandani, mkoba wa tafakuri begani ili nikionwa nionekane nina shughuli. Ukungu ukashuka. Kiduka sikukiona. Nikageuka kurudi. Nyumba nayo sikuiona! Nimelipita jiwe moja lenye ukubwa wa friji mara tano, na kila mara linatokea upande ambao sikulitegemea. Ama mawe ya huku yanahama, ama mimi nina tatizo.

Saa kumi na moja. Nimejibanza kwenye pango la wachungaji. Nimetulia kabisa. Sasa hivi mama anapitisha kidole kwenye daftari. Ataona pengo. Kamba inakuja.

Saa kumi na moja na robo. Hakuna pengo.

Jumamosi, 8 Agosti

Meno yanagongana, mwandiko unisamehe. Naogopa. Niseme ukweli, daftari hili langu halisomi mtu: naogopa sana. Mama anajua nimerudi jana saa kumi na niko chumbani natafakari. Leo pia nitarudi saa kumi. Hata nikifa nitarudi saa kumi.

Nimefungua mkoba nikasoma tafakuri ya leo ili nijipe moyo. Inasema, "Jua limechomoza chini ya miguu yangu na dunia yote iko wazi mbele yangu." Muhuri upo. Ndala zangu mwenyewe sizioni.

Nimekutana na mama mmoja anayekata majani ya ng'ombe. Nikamuuliza nyumba ya wageni iko wapi, akaonyesha kwa mundu kwamba iko nyuma ya ukungu huo hapo. Ukungu uko kila mahali! Nikaenda. Nikamkuta tena. Nikaenda upande mwingine. Nikamkuta tena, na safari hii akaniuliza kwa upole baba umepotea, nikupeleke? Alivyoniangalia ndala! Nikamwambia sijapotea, natafakari. Akaniomba radhi, akaenda zake. Nimesikia hatua zake mpaka zikaisha.

Kwa nini nilisema vile? Nimekaa hapa saa nzima najiuliza. Nimemkumbuka mke wangu, na sweta alilolitia kwenye begi nikalitoa ili muhuri upate nafasi. Naapa: nikitoka hapa salama, sitaandika tena kitu ambacho hakijatokea. Cheo achukue Kalamu Mbili. Dirisha nalo achukue.

Jumapili, 9 Agosti

Ukungu umeondoka. Nyumba ya wageni ilikuwa hatua arobaini kutoka pangoni! Nilikuwa nalala nyuma ya jiko lao.

Nimefika mlangoni saa moja asubuhi nikiwa tope tupu. Mama mtunza nyumba ameenda mapumziko, zamu ni ya mdogo wake, kijana mstaarabu asiyenijua. Nikamwambia mimi ni mgeni wa chumba namba tatu. Akafungua daftari, akasema mgeni wa chumba namba tatu alirudi jana saa kumi, yumo ndani, na dada yake amemwachia maagizo makali kwamba mzee yule asisumbuliwe. Nikamwambia mzee mwenyewe ndiye mimi. Akasema samahani mzee wangu, kama ni wewe, aliye ndani ni nani?

Daftari lilikuwa limejazwa vizuri sana. Ningekuwa mimi nisingemfungulia mtu.

Mwishowe tukaenda wote wawili, kwa kunyata, tukagonga polepole. Nakiri hata mimi nilisubiri kuitikiwa. Tulipofungua tukaona kitanda, begi na picha yangu na mke wangu, akaamini. Akanipa chai. Vikombe vitatu! Kisha, kwa mujibu wa daftari, akaniandikia cheti: siku nne za upweke kamili.

Nilikula kiapo jana, nakumbuka. Lakini kiapo kilihusu kuandika. Cheti kaandika yeye.

Jumatatu, 10 Agosti

Mkurugenzi amesoma cheti mara mbili. Amesoma tafakuri zote nne. Amevua miwani! Akasema hajawahi kuona mtu anayependa upweke kiasi hiki. Kalamu Mbili, alisema, siku ya pili alishindwa, akashuka kutafuta watu wa kuzungumza nao. Nikatabasamu kwa unyenyekevu.

Akaendelea. Mkuu wa masjala anaongoza watu kumi na wawili, hivyo nafasi inamfaa huyo anayetafuta watu. Mimi, kwa heshima ya kipaji changu, nimepewa stoo ya mafaili ya zamani, chini ya ngazi. Haina dirisha. Kwa siku nzima haingii mtu.

Nimeshukuru. Sijui kwa nini nimeshukuru.

Jumanne, 11 Agosti

Siku ya kwanza stoo. Mlangoni kuna daftari jipya: kuingia, kutoka. Mlinzi hulitazama kabla ya kufunga. Safu zilikuwa tupu mpaka chini, mtu huwezi kufanya kazi karibu na kitu kama kile. Nikazijaza asubuhi na mapema, mwezi mzima: kuingia saa mbili, kutoka saa kumi. Mlangoni nikabandika karatasi, Kalamu Mbili akipita aone nina cheo: NATAFAKARI. NISISUMBULIWE.

Saa kumi na dakika tano nimesikia ufunguo ukizunguka mlangoni. Nimegonga. Nimesikia mlinzi akimnong'oneza mtu wasinisumbue, kisha mwenzake akamjibu kwamba hakuna mtu, daftari linasema ametoka. Wakabishana kidogo, wakaondoka.

Simu yangu iko kwenye meza ya masjala, huko juu. Mke wangu, niliporudi kutoka mlimani, alisema hataniuliza tena nilipo.

Sina wasiwasi. Kesho asubuhi watafungua daftari, wataona sijaingia kazini, watanitafuta.

Ngoja kwanza. Kesho nimeingia saa mbili.