Fundo la Obed

Jumatatu, 3 Oktoba 1853. New Bedford.
Mume wangu Obed kaondoka alfajiri kuwinda nyangumi. Miaka mitatu, wakiwahi. Tumeoana siku kumi na moja! Kabla ya kutoka alinifunga koseti, vazi la ndani la kubana kiuno. Kamba ziko mgongoni, mikono yangu haifiki. Alivuta tundu kwa tundu, akapiga fundo, akalibusu. Mbele, kifuani, kimechomekwa kibao cha mfupa wa nyangumi alichonichongea: mioyo miwili, meli iliyoinama kidogo na maneno matatu. Nimeamua. Fundo hili halifunguliwi mpaka arudi.

Jumanne, 4 Oktoba.
Nimelala na koseti. Usingizi ni jambo jingine. Asubuhi nikaandaa vikombe viwili vya chai. Nikanywa vyote, kwa shida. Tumboni hakuna nafasi.

Jumatano, 5 Oktoba.
Kaja wifi Keziah, dada mkubwa wa Obed. Kaninusa. Kauliza kama bibi harusi ameapa pia kutooga. Nikamweleza habari za fundo. Akacheka mpaka akatafuta kiti. Kasema mimi ni wa kizamani, wenzangu siku hizi wana koseti yenye vishikizo vya chuma mbele, unavua mwenyewe na kamba za nyuma huzigusi. Akafungua gauni kunionyesha yake, mwanamke huyu hana haya. Akaondoka. Nyumba ikawa kimya hadi nikasikia mifupa iliyoshonewa ndani ya koseti ikilia nikipumua. Nikapata mpango.

Ijumaa, 7 Oktoba.
Nimefumua koseti mbele, nikiwa nimeivaa, juu hadi chini kando ya kibao. Nimeshonea vishikizo kumi na viwili vya gauni. Inafunguka! Nimeoga. Fundo halijaguswa. Nimejisifu kwa sauti, maana hapakuwa na mwingine wa kunisifu.

Jumapili, 9 Oktoba.
Kanisani nilipiga chafya. Vishikizo vikaachia kimoja baada ya kingine, watu wakahesabu. Kibao kikachomoka shingoni mwa gauni, kikatua mapajani kwa mzee wa kanisa. Akakisoma: "Wako peke yako." Akamtazama mkewe.

Wifi kanifunika shali, kanirudisha nyumbani. Ili pande za mbele zikutane azishone, akavuta ncha ya kamba mgongoni. Fundo likaachia kwa mvuto mmoja. Nikalia. Nikamwambia hajui alichonifanyia. Alishona, akarudisha kibao, akanifunga mgongoni, tundu kwa tundu. Sikuwa nimeguswa na mtu tangu Jumatatu.

Nikageuza shingo kwenye kioo. Fundo lilelile, kitanzi cha kushoto kirefu kuliko cha kulia.

"Unashangaa nini?" Wifi akasema. "Mimi ndiye niliyemfundisha, kwa kamba za viatu. Alikuwa na miaka mitano, na alilia kuliko wewe."

Akabaki kula. Bakuli la pili la supu ya chaza likapata mwenyewe.

Jumatatu, 10 Oktoba.
Nimelala na koseti. Fundo hili halifunguliwi mpaka Obed arudi. Pilipili manga yote nimeitupa, chafya hainipati tena. Nimempelekea Wifi habari kwamba fundo linalegea, aje alikague. Halijalegea hata kidogo. Kuhusu kuoga, nina mpango.