Mkwe wa Mvumbuzi

Kebaso alikuwa na kipaji kimoja ambacho hakuna shule inayokifundisha: aliweza kukaa hotelini saa tatu nzima na kikombe kimoja cha chai, na mwenye hoteli asithubutu kumwuliza kitu. Siku hiyo hoteli ilikuwa ya Bwana Gibson, mjini Kericho, karibu na Chai Square. Gibson mwenyewe alikuwa meza ya pili, analalamika kwenye simu hadi wateja wakaacha kutafuna.

"Sikia, huko ng'ambo kuna mji mzima unakula kwa jina la mtu mmoja tu aliyevumbua kitu! Wageni wanaonyeshwa nyumba aliyozaliwa, wanalipa. Wanaonyeshwa kiti alichokalia, wanalipa. Wanaonyeshwa choo, wanalipa! Hapa kwetu wanasimamisha gari, wanapiga picha na majani chai, halafu wanaenda kulala Kisumu. Tungekuwa na mvumbuzi hata mmoja! Hata wa kibiriti!"

Kebaso akaweka kikombe chini. Wanaomjua husema Kebaso akiweka kikombe chini, wewe shika mfuko wako.

"Bwana Gibson, pole kwa kuingilia," akasema. "Mvumbuzi mnaye. Ni vile tu hamna shukrani."

"Nani?"

Swali zuri. Kebaso mwenyewe alikuwa bado hajui. Akatazama dirishani, akaona mawingu ya saa nane yanajipanga juu ya mashamba kama kawaida yao, na akakumbuka kilio cha kila mkulima wa sehemu hizi: mvua ya mawe, ile inayoshuka dakika kumi tu na kuacha chai imechanika shamba zima.

"Mzee Hezekiah arap Sigilai," akasema polepole, kwa sauti ya matangani. "Aliyevumbua mashine ya kufukuza mvua ya mawe, mwaka wa hamsini na nane. Wazungu wa mashamba walikuwa wanamwita awasaidie, halafu wakaficha jina lake."

"Sijawahi kumsikia."

"Si ndio nakwambia walimficha?"

Gibson akatafakari. Mtu wa tamaa hahitaji ushahidi mwingi. Anahitaji tu kuogopa kwamba mwingine atamtangulia. "Na wewe Mkisii, haya yote umeyajulia wapi?"

Hapo, jamani, ndipo Kebaso alipoharibu. Angesema aliyasoma gazetini, hadithi hii ingemwishia vizuri. Lakini ulimi ukishaonja sukari, nani ataurudisha?

"Mimi? Mimi ni mkwe wake! Nilioa kitinda mimba wake, Chepchirchir. Saa hii yuko Qatar, kazini. Na ile mashine ya kwanza kabisa, aliyoiunda mzee kwa mikono yake, ninayo mimi."

Wakaelewana. Alhamisi, Kebaso angemtembeza Gibson mjini na kumwonyesha kila mahali mvumbuzi alipopita. Gibson akiridhika, angenunua mashine kwa laki mbili taslimu, halafu aanze kuuzia wageni tiketi za ziara.

Laki mbili zilikuwa zimekuja kwa wakati wake. Kericho ndio mji wa mwisho uliobaki kwa Kebaso kutembea kifua mbele. Sigowet hakuweza kupita mchana kwa sababu ya mambo fulani ya ng'ombe wa maziwa aliyegeuka kuwa fahali, na Kedowa hakuweza kupita hata usiku.

Akaenda kwa fundi Okemwa, mchomeleaji. Kufikia jioni walikuwa wameunganisha feni ya kiwanda cha chai iliyotupwa, mkebe wa maziwa wa lita hamsini, pedali za baiskeli, na bomba la moshi la lori likielekea mbinguni. Wakaizika kwenye samadi siku mbili, ikatoka na kutu ya heshima.

"Na hii kitu inafanya nini?" Okemwa akauliza.

"Inaleta chakula," Kebaso akamjibu.

Sasa ikabaki karakana ya mvumbuzi. Kebaso akazunguka mji akitafuta mabati yaliyozeeka kuliko yote, akayapata nyuma ya hoteli ileile ya Gibson. Kilikuwa kibanda cha Mama Priscah. Kwa miaka kumi na tisa mama huyo alikuwa ameuza hapo uji, chapati na mursik, na kwa maziwa hayo ya kibuyu alikuwa amesomesha watoto watatu.

"Mama, naomba niweke hiki kitu changu hapa hadi Alhamisi."

"Weka tu, mwanangu. Hata mimi niko hapa hadi Jumamosi."

"Jumamosi kuna nini?"

"Gibson anabomoa. Anataka mahali pa wageni wake kuegesha magari. Nimemwomba anipe hata hadi Disemba, akaniambia nishukuru hajabomoa Ijumaa." Akageuza chapati ambayo ilikuwa haijaiva. "Sijui nitaanzia wapi, Kebaso. Hapa ndipo watu wananijua."

"Pole sana, mama," Kebaso akasema, na kwa kweli alimwonea huruma, kwa muda wa kumeza tonge moja. Kisha akauliza ni kona gani ina mwanga mzuri.

Na kwa kuwa kila msanii anahitaji mtu wa kumsikiliza, akamfanyia Mama Priscah majaribio ya ziara nzima, mara mbili, akimlilia marehemu baba mkwe pale panapostahili. Priscah alisikiliza huku akigeuza chapati. Mwishoni akauliza jambo moja tu.

"Huyo marehemu alikuwa na watoto wangapi?"

"Wengi," Kebaso akajibu bila kufikiri. "Wazee wa zamani, si unawajua?"

"Nawajua," Priscah akasema, akamwongezea uji.

Alhamisi ikafika, na Gibson akafika na suti. Bahasha ilikuwa imetuna kwenye mfuko wa ndani, na Kebaso akaisalimia kwa macho kabla ya kumsalimia mwenyewe.

Ziara ikaanza. Pale Chai Square Kebaso akavua kofia mbele ya benchi la saruji. "Hapa ndipo jiwe la kwanza la mvua lilimpiga utosini. Akasema: imetosha!" Gibson akaligusa benchi kwa kidole. Wakaenda Nyagacho, kwenye nyumba ya kupanga ya chumba kimoja, ambayo kwa bahati ilikuwa ya Kebaso mwenyewe. "Hapa alilala njaa miezi sita akichora." Gibson akatazama kitanda kisichotandikwa, akatikisa kichwa kwa uchungu. Hata soksi moja iliyokuwa mlangoni aliiruka kwa heshima. Nyuma yao watu walikuwa wameanza kuwafuata, maana Kericho ukivua kofia mbele ya benchi huwezi kubaki peke yako. Walipofika kibandani walikuwa thelathini na zaidi, na mzee mmoja anauliza mazishi ni ya nani.

"Na hapa," Kebaso akasema, akipandisha sauti, "ndipo mashine ilipozaliwa."

Gibson akaduwaa. "Hapa? Kwa plot yangu?"

"Kwa plot yako, Bwana Gibson. Mungu anapanga."

Akafunua gunia. Mashine ikasimama pale na kutu yake na bomba lake. Gibson akaizunguka mara tatu, akipumua kwa nguvu. Hesabu za tiketi zilikuwa zinamtembea usoni. Mkono ukaingia kwenye koti, bahasha ikachungulia.

Ndipo nduru ikapigwa.

"Uuuwi! Baba! Mashine ya baba!"

Mama Priscah alikuwa ametupa mwiko na kuukumbatia ule mkebe wa maziwa kwa mikono yote miwili. Alilia, na machozi yalikuwa ya kweli kabisa. Hayakuwa ya Hezekiah. Yalikuwa ya miaka kumi na tisa na ya Jumamosi. Lakini chozi halina kitambulisho.

"Mama, unafanya nini?" Kebaso akanong'ona.

"Namlilia baba yangu," Priscah akanong'ona naye. "Kwani umeruhusiwa wewe peke yako?"

Gibson akashangaa. "Priscah! Wewe ni binti ya mvumbuzi?"

"Miaka kumi na tisa nakulipa, umewahi kuniuliza jina la baba yangu?"

Hakuwahi.

"Na huyu," Priscah akasema, akimnyooshea Kebaso kidole, "kama kweli ni mkwe wetu, ndiye aliyemchukua Chepchirchir! Wazee, amepatikana!"

Kwenye benchi la wateja, Mzee Kipkurui akaweka kikombe cha mursik chini. Amekinywea hapo kila siku tangu astaafu, na tangu Jumatatu alikuwa hajui Jumamosi ataenda kukaa wapi. Akapangusa masharubu, akasimama, na hapohapo Hezekiah akapata ndugu.

"Mimi ndiye mdogo wa marehemu," akatangaza. "Kijana, karibu nyumbani. Tumekutafuta sana."

Msomaji, katika nchi hii unaweza kudanganya kuhusu digrii, umri, hata ekari, na watu watakuachia. Lakini ukijiita mkwe wa watu umefungua mlango ambao hufungwa na wazee peke yao, nao hawauulizi upendo wako. Wanauliza ng'ombe.

"Siku ya koito, mlipokaa kupanga mahari," Mzee Kipkurui akaanza kwa upole, "wewe ulikaa na nani wa kwetu?"

"Na... wajomba."

"Wajomba gani?"

"Warefu," Kebaso akasema.

Watu wakaguna.

"Ulileta ng'ombe wangapi?"

"Sita!" Jasho lilikuwa limefika shingoni.

"Rangi zao?"

Hakuna mtu aliyewahi kutoa ng'ombe sita akasahau rangi zao. Kebaso akapiga hesabu ya haraka. Akikana kuwa mkwe, Hezekiah anakufa mara ya pili na bahasha inazikwa naye. Akikubali, basi ana deni la kundi la ng'ombe kwa familia ambayo ameiunda yeye mwenyewe juu ya kikombe cha chai.

"Wazee wangu," akasema kwa sauti ndogo, "sijalipa. Nilikuwa bado najipanga."

"Anajipanga!" umati ukacheka.

"Haya, ni vizuri umesema ukweli," Mzee Kipkurui akasema, bila kutabasamu hata kidogo. "Mkwe ambaye hajalipa hata kondoo hauzi mali ya baba mkwe mbele ya binti. Mashine ni ya Priscah. Na wewe utaacha alama ya kuonyesha utarudi na ng'ombe. Hiyo pikipiki iliyoegeshwa hapo nje ni yako?"

Ilikuwa yake. Ndiyo aliyokuwa ameijaza mafuta asubuhi ile kwa safari ya mbali. Kabla hajafungua mdomo, ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wa mzee.

Gibson akamgeukia Priscah na bahasha yake. "Basi niuzie wewe, mama."

"Mashine ya baba haiuzwi. Haihamishwi pia; inakaa pale alipoiweka. Sasa wewe Jumamosi si unabomoa?"

Usiku, Gibson angelifikiria jambo hilo akaona mashimo yake. Lakini ilikuwa saa tisa mchana, watu arobaini wanamtazama, na karakana ya mvumbuzi ilikuwa kwenye plot yake na si ya mtu mwingine. "Nani amesema nabomoa?" akafoka. "Nani anaweza kubomoa historia?"

"Andika," Priscah akasema.

Akaandika juu ya karatasi ya kufungia chapati, kwamba kibanda ni cha Priscah maadamu mashine inasimama, wageni watalipa, nao watagawana nusu kwa nusu. Mzee Kipkurui akatia kidole gumba. Priscah akaisoma karatasi mara mbili, akaikunja, akaiweka kifuani.

Wino haujakauka, mvua ya mawe ikaanza kupiga mabati. Watu wakarundikana ndani, wakipiga kelele juu ya kelele. "Ni mtihani wake!" Gibson akapaza sauti. Akapanda zile pedali na suti yake, akakanyaga kama mwendawazimu. Feni ikalia, bomba likakohoa samadi. Akakanyaga dakika kumi, na mvua ya mawe, ambayo tangu dunia iumbwe hapa Kericho hukaa dakika kumi, ikanyamaza.

"Imefanya kazi!"

Shangwe! Watu wakambeba Gibson juu. Kebaso akaitazama mashine, na kwa kitambo kidogo hata yeye moyo ukamwambia labda. Kisha akamwona Mzee Kipkurui anamkaribia, anauliza kama angependa kuanza na mitamba. Akatoka kwa mlango wa nyuma, kwa miguu, kwenye matope.

Miezi minne baadaye akarudi. Aliambiwa mji unaongea habari za Hezekiah peke yake, na hakuna mzazi anayeweza kukaa mbali na mtoto wake wakati anafanikiwa. Akafuga ndevu, akavaa kofia ya sufu hadi kwenye nyusi, akalipa kiingilio kama watu wengine, na akafuata kundi la walimu kutoka Siongiroi. Mbele alikuwa Mama Priscah na kitenge kipya, fimbo mkononi, akisimulia vizuri kuliko alivyosimulia yeye. Benchi likawa lilelile, jiwe la utosini likawa limekua. Kibanda kilikuwa kimepakwa rangi.

"Na hii pikipiki," Priscah akasema, "iliachwa na mkwe wa mvumbuzi. Mtu mwongo sana. Alikimbia ng'ombe sita."

"Aibu!" walimu wakasema.

Kebaso hakuvumilia. "Lakini mama," akaita kutoka nyuma, "kwani kweli huyo Hezekiah alikuwepo?"

Priscah akaitazama ile kofia na zile ndevu. Akachota mursik, akamletea mwenyewe, kikombe kimejaa.

"Kunywa, mwanangu," akamwambia polepole. "Na kama hakuwepo, wewe ulikuwa unamkimbia nani?"

Kebaso akanywa. Ilikuwa tamu hata akasahau alipo. Alipopangusa mdomo, kwenye benchi la wateja Mzee Kipkurui alikuwa ameshaweka kikombe chake chini.

"Mkwe! Wamefika hao ng'ombe?"

Kikombe kikaanguka, kofia ikabaki hewani, na Kebaso akateremka barabara kwa kasi ambayo hakuwa nayo hata mara ya kwanza. Walimu wakapiga makofi kwa nguvu, na mmoja akauliza kama huyo wa kukimbia huwa yuko kila siku au ni Jumamosi tu.

"Hapana," Priscah akasema, akiokota kofia na kuitundika kwenye pikipiki. "Yeye huja akitukumbuka."