Opal Hapungi Mkono

Jumatatu, 6 Oktoba
Mpango wa jimbo wa kutembelea wenye watoto wachanga ulianzia mjini, ukaja kaunti moja baada ya nyingine, na sasa umefika hata bondeni kwetu, ambako posta hutusahau. Jumatano anakuja mgeni, Bi Renata. Ana fomu. Fomu inauliza kama mtoto wa miezi tisa anapunga mkono. Opal wetu hapungi! Mke wangu Twyla anasema yeye mwenyewe ndiye aliyewaita, ni msaada tu. Msaada gani huo wenye fomu? Wakiniona baba wa ovyo watamchukua mtoto. Nimekaa dirishani na Opal, nikamwambia ukungu ule mlimani ni kondoo wanaorudi nyumbani. Akanitazama tu.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimepata mbinu! Jirani yangu Harlan Teets ana mwana, Jubal, rika la Opal. Jubal humpungia kila mtu, hata ng'ombe, na Harlan hachoki kunikumbusha. Nimeazima vitu vya Jubal vya kuchezea na vitabu saba, kwa chupa mbili za jamu ya tufaha. Harlan akauliza, "Vipi bwana, unafungua shule?" Nikamjibu kwamba Opal anapenda kusoma. Kisha nikamfundisha Opal kupunga mara arobaini. Mkono uliochoka ni wangu. Tukasinzia pamoja. Niliota tuko juu ya ukungu, yeye ananipungia kutoka mbali. Nilipoamka sikutaka kuinuka.

Jumatano, 8 Oktoba
Fedheha! Bi Renata aliketi sakafuni, akaokota ngoma moja niliyoazima, akatabasamu. Akasema alimpelekea Jubal ngoma hii wiki iliyopita, na alama hizi za meno anazijua. Kumbe anatembelea nyumba zote mbili! Twyla akakimbilia jikoni kucheka. Nikakiri yote, hata hofu yangu. Bi Renata akasema hajaja kuchukua mtoto wa mtu, ila anaomba sufuria na kijiko. Opal akaitwanga sufuria kwa raha zake. Kwenye fomu, penye kupunga, Bi Renata akaandika "bado", bila hata kukunja uso. Akauliza huwa ninaongea naye nini. Kwa aibu nikamweleza habari za ukungu. Akaweka kalamu chini, akasikiliza hadi mwisho, akasema hiyo ndiyo kazi yenyewe. Hakuna aliyewahi kunisikiliza hivyo.

Jumapili, 19 Oktoba
Kila asubuhi ni mimi, Opal na ukungu. Leo ulipoondoka niliuaga kwa mkono, bila kufikiri. Opal naye akauaga! Nimelia hadi Twyla akaniletea taulo. Nikaenda mbio kwa Harlan. Akasema Jubal sasa anatembea. Sijali. Najali kidogo.

Jumanne, 21 Oktoba
Balaa. Twyla amepigiwa simu: mpango umekua, familia zimekuwa nyingi kuliko wageni wa kuzitembelea. Watoto wanaoendelea vizuri watatembelewa mara moja kwa mwezi, si kila wiki mbili. Mwezi mzima! Nani atasikiliza habari za ukungu? Bi Renata anakuja kesho, na nimeshapata mbinu: lazima aandike "bado" tena. Twyla akasema, "Wewe baba Opal, una akili timamu kweli?" Wivu huo. Nimemkalisha Opal dirishani, nikamweleza polepole, neno kwa neno, kwamba kesho asipunge mkono hata kidogo. Alinisikiliza kwa makini sana. Kisha akanipungia.