Kisu Kinacholala Mkononi

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo saa mbili na dakika ishirini asubuhi nimepoteza ufunguo wa karakana ya kituo cha afya. Sikuudondosha. Nimenyang'anywa! Miaka kumi na moja nimeuvaa shingoni kwa uzi wa bluu. Sista Irine, msimamizi wa chumba cha upasuaji, kaniamuru niuvue mbele ya wagonjwa kumi na wanne (niliwahesabu), kisha kamvalisha Simioni. Simioni! Fundi simu! Mura, kijana wa juzi tu!

Kosa langu? Kisu. Kile cha upasuaji, cha kushika mkononi, cha betri. Ncha yake inatetemeka mara elfu hamsini na tano kwa sekunde. Kinakata nyama na kuziba damu hapo hapo. Ukikiinua kinaamka chenyewe. Ukikilaza kinajizima, kisije kikaunguza mtu. Ijumaa kilizima mkononi mwa Daktari Elieth, katikati ya kutoa rovu, uvimbe wa shingoni, la mama mmoja. Mama mzima, anakunywa uji. Mimi ndiye sijapona. Maana Alhamisi nilikisafisha. Basi imekuwa wimbo: Heche kaharibu kisu.

Jumanne, 4 Machi

Kisu cha pili, cha mazoezi, kilibaki mkobani mwangu. Hakuna aliyekiulizia. Sikuwakumbusha.

Nimekwenda nacho buchani kwa Maftah, nikachukua maini nusu kilo. Nimekata dakika arobaini. Hakikuzima hata mara moja! Nikakilaza mezani: sekunde tisa, kimelala. Nikakishika, nikajikaza nisitikisike: kiko macho. Maftah kacheka mpaka kaweka panga chini. Kasema kitalalaje, Fundi Heche, na huo mkono wako unavyotetemeka kwa hasira kuliko kisu chenyewe. Nimemwambia akate mifupa yake.

Lakini njiani nimeelewa. Sensa ya kisu, kile kidude kinachohisi mtikisiko, haina kosa. Mwenye kosa ni Daktari Elieth! Mkono wake umetulia mno. Anabana mshipa sekunde kumi bila kusogeza kidole, kisu kinadhani kimewekwa mezani, kinalala. Nimegundua mimi! Kwa akili yangu, bila kitabu! (Kitabu cha maelezo kipo. Kinasawazisha mguu wa benchi langu tangu 2022.)

Jumatano, 5 Machi

Nimempelekea daktari habari njema. Nimemweleza kwa heshima kwamba atikise mkono kidogo tu, kila sekunde ya nane. Nikamwonyesha kwa kalamu. Kaniangalia. Kaniuliza, Fundi, nitikise mkono ndani ya shingo ya mtu? Nikamwambia milimita mbili tu. Nimetolewa nje.

Mlangoni Simioni kanipigia shikamoo ndefu, ya dhihaka. Kasema tata, baba yangu, nenda kapumzike, ng'ombe wako kule kijijini Gorong'a wamekukumbuka. Ng'ombe! Ninao wawili tu na wote wanamzidi akili.

Sawa. Daktari hataki kutikisika? Sensa itaongezewa masikio. Nimefungua kisu cha mazoezi, nimeipandisha usikivu mara sita. Sasa kinaamka hata ukikohoa karibu. Kazi safi!

Alhamisi, 6 Machi

Sijui hata nianzie wapi.

Nimewakusanya ofisini kwa Sista Irine: yeye, daktari na yule fundi simu. Sharti langu: nikiwaonyesha kisu kisichozima mkononi, ufunguo urudi. Sista kakubali, nadhani kwa kuchoka. Simioni kavua ufunguo, kauweka kwenye sinia pembeni ya maini niliyoyaleta ya kukatia. Kitufe cha kukatia nilikuwa nimekibana kwa plasta, ili mikono ibaki huru nieleze vizuri. Nikalaza kisu changu cha mazoezi kwenye sinia, waone kwanza kinavyolala. Sekunde tisa. Kimya. Nikasema, mnaona! Nikaanza maelezo.

Ikagonga saa tisa alasiri. Kwenye mgodi wa jirani wakalipua baruti.

Kila siku wanalipua saa tisa! Hata mtoto wa kunyonya hapa anajua! Ardhi inatikisika, vikombe vinagongana, watu wanaendelea na mambo yao. Leo kisu kikaamka. Kikatembea kwenye sinia kama mende. Kikapasua maini. Kikakata uzi wa bluu. Kikaruka mezani, kikatoboa kitambaa alichofuma Sista kwa miezi minne. Sista akakivuta kitambaa kwa nguvu, sinia likapinduka, ufunguo ukateleza hadi kwenye sinki, ukazama shimoni. Tumeusikia wote ukishuka.

Simioni hakucheka. Heri angecheka! Kachukua kisu cha upasuaji, kile cha Daktari, kabonyeza kitufe cha pembeni sekunde tano, kikalia mara mbili. Kasema muda wa kulala umetoka sekunde tisa umekwenda sitini, Daktari atulie atakavyo. Nikamuuliza kajuaje. Kasema ukurasa wa saba. Kitabu alikichomoa chini ya benchi Jumatatu, akaweka tofali.

Tofali! Kwenye benchi langu!

Ijumaa, 7 Machi

Sijalala, nimepiga hesabu. Kisu kiliamka jana, au hakikuamka? Kiliamka! Ndiyo kazi yake! Tatizo ni kwamba mara sita ni kidogo. Sensa nimeipandisha mara kumi na mbili. Na ufunguo nitautoa mwenyewe. Bomba la sinki lile nililitandaza mimi, mita mbili na robo, kona moja. Kitabu wakae nacho.

Barua nimeshaiandika, hii hapa nakala yangu:

Sista Irine, tusizungushane. Habari za kitambaa tuziache. Ufunguo wa karakana ni wangu, ndiyo au hapana? Nataka neno moja, kwa maandishi, leo hii kabla ya saa tisa alasiri. Ikifika saa tisa kamili bila jibu, nitakuwa ofisini kwako na kisu kimelala mezani, kitufe nimeshakibana kwa plasta.