Maji Safi kwa Samaki Watano

Jumatatu, 6 Juni

Samaki wamefika! Watano, wekundu, wazima. Wametoka Goma ndani ya bidoni, dumu la plastiki lililofungwa nyuma ya pikipiki. Sanduku la kioo nimeliweka dirishani, kando ya cherehani, ili kila anayepita hapa Masisi-centre aone kwamba kwangu, kwa Straton, kuna uhai.

Sababu ni Mama Athanasie, mjane anayetengeneza fromaji, yaani jibini, kule Kirolirwe. Nimemposa mara mbili. Mara ya pili alinijibu nje ya kanisa, watu wakisikia: "Papa Straton, mbele nikuitikie, unionyeshe kintu kimoya tu yenye iko muzima kwako." Watu wakacheka. Ni kweli mbuzi wangu alijinyonga kwa kamba yake. Kuku walikufa wote siku moja, sababu sijaijua mpaka leo. Hata muavoka wangu, mti wa parachichi, umekauka, na katika milima hii ukichomeka fimbo inaota majani. Jumapili tarehe 19, baada ya misa, atakuja kuangalia.

Samaki ni akili kubwa. Hafungwi kamba, haendi barabarani. Anataka maji tu, na maji ninayo.

Katembo alikuja bila kuitwa. Huyu ni mtu wa Butembo, anauza misumari ng'ambo ya barabara, naye ana samaki dukani miaka mitatu sasa. Akasema watano ni wengi kwa kuanza, "mayi iko mupya, haiyakomaa." Nikamwuliza kama maji ni ndizi. Maji yake mwenyewe yana rangi ya chai!

Jumanne, 7 Juni

Nimewalisha mara sita. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa jembe hawataliweza, kwa hiyo nitaendelea kuwalisha. Mkubwa nimemwita Archange. Wengine bado nawachanganya.

Alhamisi, 9 Juni

Maji yamekuwa kama yaliyooshewa mchele. Samaki wote wamepanda juu, midomo inafunguka na kufungika. Nadhani wananisalimia.

Katembo (tena!) akasema hawamsalimii mtu, wanakosa pumzi. Eti mikojo yao na chakula kilichobaki vinageuka sumu, na vijidudu vya kuila sumu hiyo havijazaliwa bado katika sanduku jipya. Vinazaliwa polepole ndani ya sponji ya pompi inayochuja maji, juma la nne, la tano. Mpaka hapo niwalishe kidogo sana, nitoe robo ya maji kila siku na kuweka mengine, na sponji isione sabuni. Nikamshukuru kwa adabu. Mtu wa misumari!

Mimi ni fundi wa mashati meupe. Kitu kikichafuka kinafuliwa. Nimemwaga maji yote, nimesugua kioo, mawe na sponji kwa sabuni ya unga. Sasa unaona barabara yote kupitia sandukuni, hadi kwenye misumari ya Katembo.

Jumamosi, 11 Juni

Archange amekufa. Nimemzika chini ya muavoka.

Namshuku Katembo. Jana alisimama dirishani akawatazama muda mrefu akitikisa kichwa. Mtu asiye na wivu hatikisi kichwa namna ile.

Jumatatu, 13 Juni

Wawili wengine. Wamebaki wawili. Nimeosha kila kitu tena, safari hii sabuni mara mbili.

Mama Athanasie alipita akipeleka fromaji sokoni. Aliuliza kutoka barabarani samaki ni wangapi. Nikasema watano. Ulimi hauna mfupa. Alitabasamu, na mimi nikashona mfuko wa shati mgongoni. Nampenda. Nimeandika, basi.

Jumatano, 15 Juni

Mpango: kuiba sponji ya Katembo. Kama siri iko humo, iwe kwangu. Nilingoja saa sita, anapoenda nyuma ya duka kula. Niliingia, nikazamisha mkono hadi kiwikoni. Akarudi kuchukua chumvi.

Nilimwambia nimekuja kununua misumari. Mkono wangu ulikuwa bado majini. Alicheka mpaka akakaa juu ya mfuko wa sementi. Kisha akaitoa sponji mwenyewe, akaomba mkasi wangu, akaikata, akanipa nusu. Nyeusi, inateleza, inanuka bwawa. Akasema uchafu huo ndio unaokula sumu. Eti Mama Athanasie naye anagandisha maziwa ya leo kwa kuyatia kidogo ya jana, ni kazi ileile. "Kaka, usiioshe. Nakuomba."

Nimeiweka kando ya pompi. Hakuna aliyeniona, isipokuwa wateja wake wanne.

Ijumaa, 17 Juni

Wawili wanaogelea chini! Hawafungui tena midomo juu ya maji. Leo wamekula, wakafukuzana kuzunguka jiwe. Nimekaa nikiwatazama nusu ya asubuhi, suruali ya mteja mapajani. Nilifurahi kama mtoto. Kwangu kuna kitu kinaishi.

Jumamosi, 18 Juni

Kesho anakuja. Shati tayari. Sakafu tayari.

Shida ni ile sponji. Imekaa katikati ya kioo, nyeusi, uchafu wa nyumba ya mtu mwingine. Mama Athanasie ana mikono myeupe ya maziwa. Atafikiri nini? Mgeni hapokelewi kwa matambara.

Nimeiosha. Nimeichemsha pia, nikaianika, nikaipitishia pasi ya makaa, kidogo tu. Imekuwa ya njano, nzuri sana. Maji nimebadilisha yote.

Halafu hesabu. Nilisema watano. Nimechonga karoti tatu, mapezi na mikia, nikazining'iniza kwa uzi mweupe. Miaka ishirini ya ufundi haikupotea.

Jumapili, 19 Juni

Alikuja. Alisifu kioo. Alikaa, akawatazama samaki. Akauliza kwa nini watatu hawageuki. Nikasema ni wazee. Akatia mkono, akatoa mmoja, akamng'ata.

"Karoti," akasema.

Alicheka, alicheka hadi machozi, nami nikaanza kuwaza tarehe ya harusi. Kisha akawaona wale wawili wa kweli, wako juu, midomo wazi. Akanusa maji. Kicheko kikaisha. Akaniambia polepole kwamba katika nyumba yake ya maziwa, mtu akisugua kila kitu hivi hakuna fromaji inayozaliwa. Akaomba ndoo na maji yasiyo na sabuni, akawavusha samaki barabara, hadi kwa Katembo. Wamepona wote wawili, katika ile chai.

Nilifikiri ameenda. Akarudi! Akasema mwanaume anayechonga karoti usiku na mchana kwa ajili yake si wa kutupwa hivihivi. Hapo alitia chumvi, nilichonga jioni moja tu, lakini sikumsahihisha. Akanipa kibuyu kidogo alichokuja nacho, cha maziwa ya kuganda, mbegu ya kugandishia aliyoachiwa na mama yake. Kila asubuhi niongeze maziwa kidogo, nifunike, niache. Mwisho wa mwezi kikiwa kizima, atanijibu ndiyo. "Isikufe tu, Papa Straton."

Jumatano, 22 Juni

Siku tatu, nimetii kila neno. Lakini leo nimefungua nikachungulia. Kinanuka uchachu! Pembeni kuna utando mweupe, chini kuna ute. Kibuyu cha mama yake, jamani, na yeye atakuja kukikagua.

Nimemwaga yote. Nimekiosha kwa maji ya moto, sabuni mara tatu, nikakianika juani hadi hakina harufu hata chembe. Nimekijaza maziwa mapya kabisa.

Safari hii atajua amepata mwanaume.