Wifi Huyu Hazimiki

Jumatatu, 3 Machi
Nimefungwa tena na wifi. Nilikuwa mbele hadi kwenye kona ya daraja. Ghafla lori langu likaanza kukwama. Picha moja, kimya, picha nyingine, kama mtu anayefunua albamu ya harusi kwa uvivu. Wifi akapita. Nilipotokea ng'ambo ya daraja, alikuwa ameshamaliza na ameshanitumia ujumbe wa pole.

Wifi ni dada wa mume wangu, muuguzi wa wodi ya watoto. Jioni tunakutana kwenye mchezo wa malori, yeye kwake, mimi kwangu. Jumapili tunacheza kwake, meza moja, kila mtu na kompyuta yake.

Mashine imechomekwa kwenye umeme. Taa ya chaji inawaka. Sasa nini?

Nina hofu. Alhamisi iliyopita niliimwagia chai. Nusu kikombe tu. Na si yangu, ni ya shule. Mimi ni karani, niliazimwa ili nichape mitihani nyumbani. Hakuna anayejua habari ya chai. Wala ya malori.

Jumanne, 4 Machi
Nimefuta picha mia nne ili kuipunguzia mashine mzigo. Zote za upande wa mume wangu. Kasi ni ileile, lakini moyo umekuwa mwepesi.

Nikafikiri labda ni joto. Nikaiweka juu ya friji, feni mbele yake, nikacheza nimesimama kwenye kigoda. Mume wangu akaingia, akanitazama, akauliza kama chakula kiko tayari. Nikasema natafuta hewa. Akasema haya. Tumeoana miaka kumi na tisa, hashangai tena.

Nikampigia simu fundi wa kompyuta. Nilimweleza kwamba tatizo lilianza Jumapili, nilipotoka kwa wifi. Akaniuliza kama nimejaribu kuizima na kuiwasha upya. Nikamwambia wifi huyu hazimiki. Tukabishana kitambo kabla hatujagundua kwamba yeye anazungumzia mtandao.

Nimefungwa mara tatu.

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Mwalimu mkuu ametangaza kwamba Ijumaa saa nne wakaguzi wanakuja. Kila aliyeazima kifaa cha shule akirudishe kikiwa kizima, pamoja na chaja yake yenye namba. Akaongeza kuwa atakayeharibu kitu ataandika barua ya kujieleza. Alikuwa akinitazama mimi. Au saa iliyo nyuma yangu.

Mchana sikula. Nilitoka kazini nikaenda moja kwa moja dukani kwa fundi, kompyuta nimeikumbatia kama mtoto mwenye homa. Akafungua skrubu. Nikageuka pembeni, sikutaka kuona. Akaniita, akasema ndani ni kukavu kabisa. Chai haikufika popote. Alikuta maganda mawili ya karanga na kibanio changu cha nywele.

Nilifurahi kupita kiasi. Nikakaa kwenye ndoo.

Kisha akashika chaja, akaigeuza, akaguna. Akasema hii ni ya mashine ndogo. Taa inawaka ndiyo, lakini umeme unaopita hautoshi, na mashine ikiona hivyo inajibana, inafanya kazi polepole ili isizimike. Akachomeka chaja yake kubwa. Lori likaruka daraja kama swala.

Akauliza chaja hii niliitoa wapi.

Daftari hili halisomwi na mtu, basi niseme ukweli. Jumapili wifi alipokwenda jikoni, nilibadilisha chaja. Yake ilikuwa mpya, nyembamba, nyeupe, inang'aa. Yangu ya shule ni nzito kama tofali. Nilidhani nimegundua siri ya ushindi wake. Kumbe nilimpa umeme wangu mwenyewe anipigie.

Fundi nilimwambia ni zawadi.

Alhamisi, 6 Machi
Mpango: wifi yuko zamu ya asubuhi. Kwake funguo hukaa chini ya chungu cha maua. Niingie, nibadilishe, nitoke. Niliaga kazini kwamba jino linaniuma. Chaja nyeupe nikaifunga ndani ya kanga, kanga ndani ya mfuko, ndizi juu.

Nilikuwa nimeinama kwenye chungu mlango ulipofunguka. Wifi. Amebadilishiwa zamu.

Nikasema nimeleta ndizi.

Hakucheka. Akanivuta ndani, akanikalisha, macho yake chini. Nikaanza kupanga maneno ya kujitetea.

"Wifi yangu, nisamehe," akasema. "Jumapili nilichomoa chaja yako nikadhani ni yangu. Nimeona namba ya shule ubavuni. Tangu juzi naona haya hata kukupigia."

Nikatoa chaja yake nyeupe chini ya ndizi, nikamkabidhi. Kisha nikamsamehe. Nilimwambia ni mambo ya kibinadamu, ila siku nyingine awe makini na vitu vya watu. Akanishukuru, machozi yakimlengalenga. Akanisindikiza hadi barabarani akiwa amenibebea tofali langu.

Leo nitalala kama mtoto mchanga.

Ijumaa, 7 Machi
Mkaguzi aliiwasha mwenyewe. Nilisahau kuondoa picha ya lori jekundu kwenye skrini. Mwalimu mkuu akauliza hii ni nini. Nikasema ni mtihani wa jiografia, sehemu ya usafirishaji. Mkaguzi akaandika kwamba shule inatumia teknolojia vizuri katika masomo. Nikarudishiwa mashine palepale ili niendelee kuchapa.

Nimepita. Nimepumua. Nimekula sahani mbili.

Jumapili, 9 Machi
Kwa wifi. Chaja yangu halali, umeme wa kutosha, lori linaruka. Nimefungwa mara tano.

Kwa hiyo tatizo halikuwa mashine. Nimemchunguza kwa makini mchana kutwa, na sasa nimejua. Ni miwani yake. Bila miwani asingeiona ile kona. Ana ya akiba kwenye droo ya sebuleni, na alikwenda kuoga.

Naandika haya nikiwa nimeivaa. Mistari ya daftari imepinda na kalamu iko mbali kuliko mkono wangu. Ni kawaida. Macho yatazoea.