Mtaalamu wa Urembo wa Ngamia

"Wametangaza!" Kifungu alisema hata kiti hajavuta. "Vibali vya wageni sasa madaraja matatu. La juu kabisa, wataalamu. Mtaalamu analeta mke, analeta watoto, anaishi nao kama binadamu. Wengine endeleeni kubusu simu!"

Kifungu ni Mmisri anayewajazia watu fomu mtaa wa pili. Jina alipewa kwa sababu hata akiomba sukari hutaja kifungu cha sheria. Hapo kwa Ami Tangawizi, mzee wa Kisudani anayepika kahawa nyuma ya soko la ngamia la Buraida, Saudia, hakuna anayethubutu kumbishia Kifungu kabla ya kikombe cha pili.

Injinia, Msudani mwenzake Tangawizi, alishusha kikombe chake. Ya madaraja hayakumwingia, liliingia neno moja tu: mke. Rawda na binti yao walikuwa Port Sudan kwenye chumba cha kuazima tangu vita vilipowafukuza Khartoum, na mtoto, ambaye baba alimjua kwa simu tu, alikuwa ameanza kuuliza kama baba ana miguu.

"Injinia wa umeme si mtaalamu?" aliuliza.

"Mtaalamu hasa! Lete kibali." Kifungu akakisoma kwa sauti ya hakimu. "Kazi: mchunga ngamia."

Wembe, kinyozi wa Kiyemeni, alicheka mpaka kahawa ikamtokea puani. Habari yenyewe ilikuwa ya zamani. Siku mdhamini wa Injinia, tajiri aliyemwombea kibali, alipomwita, alikuwa amebakiwa na nafasi moja tu, ya mchunga ngamia, akamwingiza humo humo. Taa zote za soko kazifunga Injinia, lakini kwa serikali yeye ni mchungaji, na ngamia akikohoa tu yeye anaruka mtaro.

"We cheka," Injinia alisema. "Chako kinasemaje?"

Wembe akafuta pua. "Mtaalamu wa mionzi."

"Wewe?"

"Mdhamini alikuwa na nafasi ya hospitali. Ningeikataa?"

"Basi hongera," Kifungu akampa mkono. "Daraja la juu. Leta mke."

"Sina mke, bwana!"

"Hilo si la serikali. Serikali imeshakuruhusu."

Injinia aliona machozi yanataka kumtoka. Mwenye mke hana kibali, mwenye kibali hana mke, na wote wanakunywa birika moja.

"Mbadilishieni, aandikwe injinia," Tangawizi alisema.

"Lazima chuo kithibitishe cheti," Kifungu alisema.

"Chuo kimeungua," Injinia alisema.

"Kifungu cha sheria kinasema kijibu chenyewe."

"Kitajibuje na kimeungua?"

"Kisipojibu, hukusoma."

Tangawizi akakuna kidevu. "Hebu tazama humo kwenye orodha. Mtaalamu wa urembo wa ngamia yumo?"

Kifungu akapekua simu, macho yakamtoka. "Yumo! Daraja la juu! Na cheti hakitakiwi, jamani. Unaletewa ngamia, unasimama mbele ya majaji, unaueleza uzuri wake. Basi!"

Mafunzo yakaanza pale pale. Wembe akapanda kiti akawa ngamia.

"Kope ndefu," Tangawizi alifundisha. "Shingo ndefu. Mdomo uning'inie."

"Uning'inie ndio uzuri?"

"Ukikaza huyo mbuzi. Haya, msifu!"

Injinia akamtazama Wembe kwa muda mrefu. "Una... vipimo vya kuridhisha."

"Vipimo!" Wembe akafoka toka juu ya kiti. "Mimi transfoma?"

"Mke ulimpataje wewe?" Tangawizi aliuliza.

"Nilimtengenezea baba yake jenereta."

Wakainamisha vichwa. Kilichobaki kilikuwa dua.

Alasiri ya mtihani Wembe alirudi mbele, anakimbia, simu juu. "Kapita! Kapita, wanangu! Mwanzo kaganda kama nguzo. Ngamia kamtazama, naye kamtazama. Mara kafumba macho, weee! 'Akigeuza shingo, mtu anasahau alichokuja kusema. Akitembea, nyumba nzima inatulia.' Jaji mmoja katoa leso! Kisha akakumbuka somo, akauchomeka na mdomo: 'mdomo ulioning'inia mpaka unabusu majani!' Wakasimama wote!"

Injinia alikuwa ameingia nyuma yake, kibali kipya mkononi. Walimkumbatia mpaka birika likapinduka, na Tangawizi, ambaye humwadhibu mtu kwa tone moja likimwagika, hakuligusa.

"Na video nimeirusha," Wembe alisema.

"Umeirusha wapi?"

Simu ya Injinia ikalia. Rawda. Wembe akawahi kubonyeza sauti kubwa.

"Rawda! Mnakuja! Kibali kime—"

"Nimeiona video. Port Sudan nzima imeiona. Ndoa yetu yote hujaniambia hata nguo hii imekukaa vizuri. Leo unamlilia ngamia, Babikir?"

"Mwambie ukweli," Tangawizi alinong'ona.

"Wallahi nilifumba macho, Rawda. Ngamia sikumwona. Nilikuwa nakuona wewe. Maneno yale yote ni yako."

Upande wa pili ikasikika pua inavutwa. Wembe akashika kifua. Injinia alijisikia mtu mzima kwa mara ya kwanza tangu aoe.

"Shingo ile?" sauti ilikuwa imelainika.

"Yako."

"Na mwendo?"

"Wako, Rawda. Wa nani mwingine?"

"Haya. Na mdomo ulioning'inia mpaka unabusu majani?"

Tangawizi alikumbuka ana maji jikoni. Kifungu alikumbuka fomu ya mtu. Wembe akasema ana mteja nusu kichwa, na kweli alikimbia, kiatu kimoja akakiacha chini ya benchi.

"Babikir."

"Naam."

"Kata tiketi. Ndege ya kwanza. Nakuja uuangalie vizuri."